Bahari si shamba: maneno yaliyotufunga mikono kwenye mpaka wa baharini wa Kenya na Somalia

Mwana wa Amu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu nimeuahirisha tangu 2021. Nauleta sasa kwa sababu Somalia tuko nayo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo hiyo, na bado mjadala wa mpaka wa baharini ukizuka watu wanarudia maneno yale yale yaliyotufikisha pabaya.

Nianze na Jumamosi moja, tarehe 16 Februari 2019. Wakati huo nilikuwa dawati la habari la kituo kimoja cha redio huku Pwani, kazi yangu kutafsiri. Mchana ikaingia taarifa ya Wizara ya Mambo ya Nje, kwa Kiingereza kama kawaida. Ilisema Somalia imenadi London, tarehe 7 mwezi huo, vitalu vya mafuta vilivyo upande wa Kenya, kwamba huo ni unyakuzi wa rasilimali za Wakenya, na kwamba ni sawa na kitendo cha... Hapo nikakwama. Kwa Kiingereza neno ni moja, "aggression", kwa Kiswahili lazima uchague. Ukisema "uchokozi", msikilizaji anamwona mtu anayemchokoza jirani yake, jambo ambalo wazee wakiitana linakwisha. Ukisema "uvamizi", anaona wanajeshi. Mimi niliandika uchokozi. Mhariri wa zamu akafuta, akaweka uvamizi, ikasomwa hivyo saa kumi. Kabla ya magharibi shangazi yangu alinipigia kutoka Lamu, sauti inamtetemeka, kuuliza kama amfuate mwanawe aliyekuwa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, maana amesikia Wasomali wameingia.

Hakuna aliyeingia. Kilichofanyika London ni mkutano wa kuyaonyesha makampuni ya mafuta takwimu za vipimo vya chini ya bahari. Somalia ilijibu kwamba haijanadi kitu, na kwamba haitagawa vitalu ndani ya eneo la mgogoro mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe uamuzi. Lakini Kenya ilikuwa imekwisha kumwita nyumbani balozi wake wa Mogadishu na kumtaka balozi wa Somalia arudi kwao. Ukishatangaza kwamba umevamiwa, huwezi kesho yake ukamkaribisha aliyekuvamia mkae mpange nani avue wapi. Neno limekwisha kukuchagulia hatua inayofuata.

Hoja yangu ni hiyo. Katika mgogoro huu wanasiasa, wa kwetu na wa kwao, waliizungumzia bahari kwa lugha ya shamba. Shamba lina jiwe la mpaka na hati, mwenyewe ni mmoja, na mwingine akikanyaga ni mnyakuzi. "Hata inchi moja hatutoi." Kenya hii hakuna neno linalochoma kama unyakuzi. Tumelala nalo na kuamka nalo tangu enzi za mkoloni. Ukilipeleka baharini linakwenda na hasira zake zote.

Na lugha yetu yenyewe inatuponza kidogo. "Nchi" kwetu ni dola na ni nchi kavu pia. Ukisema "nchi imechukuliwa", sikio linasikia udongo.

Kisheria bahari haiko hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya na Somalia zote ziliuridhia 1989, unaigawa. Maili 12 za mwanzo za baharini ndizo maji ya taifa, na humo serikali inatawala karibu kama inavyotawala bara. Kutoka hapo hadi maili 200 ni ukanda maalumu wa kiuchumi. Huko hakuna anayemiliki maji. Mwenye pwani ana haki juu ya samaki, mafuta na gesi, na meli za wengine zinapita bila kubisha hodi. Ile pembetatu tuliyoigombania, iliyo kati ya mstari aliodai Kenya na ule aliodai Somalia, kama kilomita za mraba 100,000, karibu yote iko huko nje. Tulikuwa tunagombania haki ya kuvua na kuchimba. Hivyo ni vitu vya kuhesabika, na kinachohesabika kinagawika.

Linaloniuma zaidi ni hili: wazo la ukanda wa kiuchumi lilitoka kwetu. Mwanasheria Mkenya, Frank Njenga, ndiye aliyelifikisha mbele ya kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika iliyokutana Lagos Januari 1972, na Agosti mwaka huo Kenya ikapeleka rasimu ya vifungu Umoja wa Mataifa. Wakati ule mataifa makubwa yalitaka maji ya taifa yawe membamba ili meli zao zivue kote, na nchi kadhaa za Amerika Kusini zilidai maili 200 nzima. Kenya ikatafuta katikati: rasilimali iwe ya mwenye pwani, njia iwe ya wote. Somalia, mwaka huo huo wa 1972, ilitunga sheria ya kudai maili 200 zote kuwa maji ya taifa.

Yaani sisi ndio tuliokuwa na lugha ya kupatanisha. Miaka 47 baadaye tukazungumza kama Somalia ya 1972, na Somalia ikaenda The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, imeshika lugha iliyoanzia kwetu.

Karibuni. Naomba tujadiliane bila matusi.

---

Mzalendo254

Mkuu, heshima kwako, umeandika vizuri, ila mimi naona unayapa maneno uzito usio wake. Maneno hayachimbi mafuta. Kenya iliwapa Eni, Total na Anadarko vitalu katika eneo lile, Somalia ikaona fursa, ikafungua kesi Agosti 2014. Rais angezungumza kwa upole au kwa ukali, kesi ingekuwapo tu.

La pili ni Katiba. Kifungu cha 5 kinataja ardhi ya Kenya na maji yake, na kifungu cha 255 kinasema marekebisho ya Katiba yanayogusa eneo la nchi lazima yaende kwenye kura ya maoni. Rais ameapa kuilinda hiyo Katiba. Hukumu imetoka 12 Oktoba 2021, unataka aseme nini mbele ya wananchi?

---

Mwana wa Amu

Ndugu yangu, kwenye mafuta nakubaliana nawe. Bila vitalu huenda pembetatu ile ingebaki kwenye makabrasha miaka mingine thelathini. Sisemi maneno ndiyo yaliyozaa mgogoro. Nasema yaliamua mgogoro ukishazaliwa utaendaje.

Kwenye Katiba, rudi kwenye maandishi. Kifungu cha 5 kinataja eneo na maji ya taifa. Maji ya taifa ni zile maili 12. Ukanda wa kiuchumi haumo humo. Wabunge waliosimama kudai kura ya maoni waliuchukua ukanda wa haki wakauita eneo la nchi, na umma ukaamini kwamba majaji kumi na wanne wamekata kipande cha Jamhuri.

Unauliza Rais Kenyatta angesema nini. Hukumu yenyewe ilimpa la kusema. Majaji hawakuichukua ramani ya Somalia nzima nzima. Walianza na mstari wa katikati, ule unaokaa umbali sawa na pwani zote mbili, kisha wakausogeza kaskazini kwa faida ya Kenya, kwa sababu pwani yetu imeingia ndani kati ya Somalia na Tanzania na mstari ule ungetubana. Na dai la Somalia kwamba Kenya ilivunja sheria ya kimataifa kwa shughuli zake pale, walilitupa kwa kauli moja. Hayo mawili yalikuwa yetu. Angeweza kusimama na kusema: tumepoteza sehemu, tumelinda sehemu, na mahakama imetusafisha. Badala yake taarifa ikasema Kenya inaikataa hukumu yote na haiitambui. Ukikataa yote, unakataa na ulichopewa.

Na kumbuka maandalizi yake. Mwezi Machi 2021 Kenya ilikataa kushiriki vikao. Siku nne kabla ya hukumu ikatangaza imejiondoa kwenye kukubali mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo. Baada ya miaka miwili ya "inchi" na "unyakuzi", sidhani kama kulikuwa na mshauri Nairobi aliyethubutu kumwambia Rais "pokea nusu".

---

wakili_mtarajiwa

Niongezee upande wa sheria, maana maneno yaliyotuangusha pale mahakamani si ya jukwaani. Ni ya kwetu, tena yamechapwa.

Hoja kuu ya Kenya ilikuwa hivi: Rais Moi alitangaza mwaka 1979 kwamba mpaka unafuata mstari wa latitudo, unakwenda mashariki moja kwa moja, tangazo likarudiwa 2005, Somalia ikanyamaza miaka yote hiyo, na aliyenyamaza amekubali. Kimya kama ridhaa, kama posa ya binti zamani.

Majaji wakafungua sheria za Kenya zenyewe. Sheria ya Maji ya Taifa ya 1972 inasema kwenye majirani tunafuata mstari wa katikati. Sheria ya Maeneo ya Bahari ya 1989, iliyotungwa miaka kumi BAADA ya tangazo la Moi, inasema mpaka wa kaskazini wa ukanda wa kiuchumi utatangazwa na Waziri kwa kufuata makubaliano kati ya Kenya na Somalia. Sasa kama mpaka ulikwisha kukubaliwa kwa kimya, Bunge letu lilikuwa linasubiri makubaliano gani? Kwenye swali la kama palikuwa na mpaka uliokubaliwa, majaji wote walisema hapana.

Halafu ile hati ya maelewano ya 7 Aprili 2009. Ilikuwa na kazi ndogo: kila nchi isipinge mwenzake akipeleka maombi yake ya mwambao wa chini ya bahari (sakafu ya bahari inayoendelea kutoka nchi kavu) kwenye tume ya Umoja wa Mataifa. Kutopinga, basi. Mogadishu neno likageuka kuwa "kuuza bahari". Tarehe 1 Agosti mwaka huo wabunge wa Somalia wakaikataa hati, na waziri aliyeitia saini ameandamwa na tuhuma hiyo miaka mingi. Kwa hiyo usidhani lugha ya shamba ni ugonjwa wa Nairobi peke yake.

Baadaye Kenya ikaitumia hati hiyo hiyo kama ngao: kwamba ina aya inayosema mpaka utakubaliwa kati ya nchi mbili baada ya tume kumaliza kazi, hivyo mahakama haina mamlaka. Februari 2017 majaji wakasema hati ni halali, lakini aya ile haizifungii nchi njia ya mahakama. Kesi ya miaka saba, na mwaka mzima na zaidi ulikwenda kwenye kusoma aya moja.

---

Mtu wa Tanga

Salaam kutoka ng'ambo ya Horohoro.

Vijana wengi hawajui kwamba Kenya na Tanzania nazo zilikuwa na jambo kama hili, zikalimaliza kwa barua. Barua ya kwanza 17 Desemba 1975, ya kujibu 9 Julai 1976. Tatizo lilikuwa kisiwa cha Pemba. Kwa mstari wa katikati kingeisukuma Kenya kaskazini, hivyo wakakubaliana sehemu ya nje ifuate latitudo. Mwaka 2009 wakauendeleza mpaka huo hadi ukanda wa kiuchumi na zaidi.

Angalieni tarehe. Jumuiya ya zamani ilikuwa inakata roho wakati ule, ikavunjika 1977, mpaka wa nchi kavu ukafungwa. Serikali zilikuwa zinarushiana maneno makali kila wiki juu ya ndege, reli na ujamaa. Lakini bahari hawakuipandisha jukwaani. Iliachwa mezani kwa maofisa, na maofisa wakaimaliza. Nadhani Kenya ilitamani kaskazini kuwe kama kusini, na ndiyo maana iling'ang'ania latitudo. Kosa ni kwamba kusini iliomba ikapewa, na kaskazini ilitangaza ikasubiri.

Huku kwetu tumezoea kusema "bahari kuu" kwa huko mbali. Hata chombo cha serikali kinaitwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Neno "kusimamia uvuvi" linasema kazi halisi inayofanyika. Sijawahi kumsikia mtu Tanga akiiita ardhi.

Ila nasi tusijisifu sana. Kwenye ziwa na Malawi hatujaweza hata kukubaliana jina. Sisi Nyasa, wao Malawi, na kila ramani ya shule inapochapwa inakuwa taarifa ya kidiplomasia.

---

Kaskazi

Niliwahi kufanya kazi melini, nimepita Manila mara nyingi, na hadithi ni ile ile. Septemba 2012 Rais Benigno Aquino alitia saini amri ya kuiita sehemu ya Bahari ya China Kusini "Bahari ya Ufilipino Magharibi". Tarehe 12 Julai 2016 Ufilipino ikashinda mbele ya jopo la wasuluhishi. China ikasema haikubali, haikushiriki, haitambui. Rais aliyefuata, Duterte, mwaka 2021 akasema hukumu ile ni karatasi tu ya kutupwa. Aliyemfuata, Marcos, kwenye hotuba yake ya kwanza kwa taifa 2022 akaapa hataachia hata inchi moja ya mraba. Bahari ile ile, marais watatu, misamiati mitatu, na walinzi wa pwani wakabadilishiwa maagizo kila mara. Hiyo inchi inasafiri kuliko sisi mabaharia.

---

Mzalendo254

Nimesoma yote. Hilo la sheria ya 1989 sikulijua, na linaniuma kama Mkenya. Lakini swali langu bado lipo. Kuna mwananchi gani atakayempigia kura kiongozi anayesema "tugawane"? Kiongozi anasema lugha tunayoielewa sisi.

---

Binti Kizingitini

Kaka Mzalendo, mimi ni mwananchi, na lugha hiyo sikuielewa.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Chula, kisiwani, upande ambao leo ni Somalia. Babu ni wa Kizingitini. Walioana kabla ya bendera zote mbili. Mwaka 1991 Mogadishu ilipoanguka, ndugu zetu walikuja kwa mashua, wengine walifikia Lamu, wengine wakaishia makambini Mombasa. Hakuna aliyewauliza wamevuka latitudo gani. Kwetu sote ni Wabajuni, na Kibajuni ni Kiswahili. Barawa nako wanazungumza Kiswahili chao cha Chimwiini. Mtu akiniambia upande ule ni wa wavamizi, ananitajia bibi yangu.

Mjue na hili: jiwe la mwisho la mpaka wa nchi kavu, namba 29, lile ambalo majaji walianzia kuchora mstari wao, liko karibu na mahali panapoitwa Dar es Salaam. Ya huku kwetu, si ile ya Tanzania. Muingereza na Mtaliano walipoelewana miaka ya 1920 na 1930, waliandika mstari utoke hapo uingie baharini kuelekea kusini-mashariki, na vile visiwa vidogo vya Diua Damasciaca vibaki kwa Mtaliano. Kila siku nasikia "inchi ya nchi yetu". Kipimo chenyewe kilipigwa na wageni wawili, mlangoni kwetu.

Kenya iliwataja wavuvi mahakamani, majaji hawakuridhika. Sawa. Lakini katika miaka yote saba ya kesi sikumsikia mwanasiasa yeyote, wa Nairobi wala wa Mogadishu, akilitaja neno "dago", kambi ya muda ya wavuvi wanaohama na msimu. Wapemba wanakuja kupiga dago hadi Kiunga kaskazi ikivuma, wetu walikuwa wakienda hadi Kismayo. Mvuvi wa jarife, wavu mkubwa, anajua mlango, mwamba na mkondo. Mkisema "mpaka" yeye anafikiria askari, na tangu mwaka 2011, watalii walipotekwa Kiwayu na Manda na jeshi likavuka, askari kwetu amekuwa ni mtu wa kukuzuia usiende baharini usiku. Operesheni yenyewe iliitwa Linda Nchi. Ilipiganwa ng'ambo, na sisi tuliokuwa ndani ya nchi tukakaa na nyavu zimekauka.

---

wakili_mtarajiwa

Dada, hilo la dago nimelinukuu. Kisheria makubaliano ya uvuvi wa pamoja yanawezekana hata pale mpaka ukishachorwa, na hata bila Kenya kutamka kwamba imeitambua hukumu. Yanahitaji tu mtu aliite jambo lile uvuvi.

---

Mwana wa Amu

Binti Kizingitini, ahsante sana. Hukumu niliisoma kurasa zote na jina la mahali pale lilinipita kama namba tu.

Mzalendo, swali lako ni zito na sina jibu kamili. Ninachoweza kukuonyesha ni kilichotokea wenyewe walipoacha kuyasema yale maneno. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi nasi, ukarudi Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar. Miraa ilikuwa imezuiwa tangu Machi 2020, na wakulima wa Meru wanajua iliwagharimu nini. Mwaka 2022 Hassan Sheikh Mohamud akarudi madarakani Somalia, na Julai yeye na Kenyatta wakakubaliana miraa irudi. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Katika yote hayo Kenya haijaikubali hukumu, na Somalia haijaiacha. Hakuna aliyetoa inchi. Wamezungumza miraa, vituo vya mpakani na biashara, vitu vyenye majina yake, na wananchi hawakuandamana. Kwa hiyo nadhani tunaelewa lugha zaidi ya moja, tukisemezwa.

Kwa upande wangu, sasa nikiwa na taarifa mezani inayotaja eneo lile, naandika "sehemu ya bahari ambayo Kenya na Somalia zote zinadai haki ya kuvua na kuchimba". Ni ndefu. Wahariri wanalalamika. Nimeipima kwa saa, inasomeka kwa sekunde saba.

---

Binti Kizingitini

Sekunde saba si nyingi. Na yule shangazi yako, alimfuata mwanawe?

---

Mwana wa Amu

Alimfuata. Nilimwambia hakuna vita, lakini redio ilikuwa imesema na mimi ndiye niliyefanya kazi redioni, hakujua amwamini nani kati yangu na redio yangu. Akakodi boti asubuhi yake, akamkuta kijana ameketi pwani Kiunga anatia viraka jarife, hana habari yoyote. Akamrudisha Lamu. Ilikuwa kaskazi ya mwisho mwisho, bahari imetulia, samaki wapo. Alikaa nyumbani wiki tatu, na aliporudi wenzake walikuwa wameshachukua mtu mwingine kwenye mashua.